Mwanaisha na Kiungulia cha Akida

Kila asubuhi, kabla hajamwitikia mtu, Mwanaisha binti Daimu alikwangua ulimi wake. Alikuwa na kipande cha waya wa shaba alichokipinda kama upinde. Alishika ncha zake mbili, akavuta kutoka nyuma ya ulimi kuja mbele, mara tano au sita, kisha akautazama utando uliobaki kwenye waya, kama mkulima anavyotazama mawingu ya mwezi wa kumi na moja. Halafu akasukutua, akatema, ndipo akageuka kukuitikia shikamoo yako. Ukimwamkia mapema anakuinulia kidole tu: subiri. Hata akida alisubirishwa na kidole kile.

Nilimwona akifanya hivyo kwa zaidi ya mwezi mzima, maana tulilala naye jiko moja. Mama yangu, Tabu, alikuwa mke mdogo wa Akida Kassimu. Alichukuliwa baada ya vita, baba yangu alipokuwa hayupo tena, na mimi nikaja naye. Kwa hiyo niliyoyaandika hapa niliyaona ndani ya ua ule ule.

Mwanaisha alikuwa Myao wa Nalasi, upande wa Tunduru. Alikuja Songea na mumewe aliyekuwa mpagazi, mume akafa kwa homa, naye akabaki akimpikia Mhindi mmoja mzee, Liladha, aliyeuza nguo, chumvi na shanga karibu na boma. Liladha alikuwa hali nyama, na tumbo lake lilikuwa bovu tangu ujana. Baba yake huko kwao Kachi, Bara Hindi, alikuwa mganga wa kutibu watu kwa chakula chao wenyewe, akamwachia mwanawe maarifa hayo, ila mwanawe hakujua hata kuwasha moto. Basi ikawa yeye anakaa kwenye kiti cha mlangoni anasema, na Mwanaisha anapika.

"Mwanzo nilidhani ana wazimu," alitusimulia. "Mtu ana gunia zima la pilipili dukani, na sufuriani hataki hata moja! Ananiambia, Mwanaisha, tumboni mna jiko. Jiko la watu wengine linawaka taratibu. Langu linawaka mpaka ndimi zinatoka juu. Sasa wewe usinitilie kuni jua likizama."

Alimlisha miaka saba. Ilipokuja vita ya maji, Liladha alikimbilia pwani pamoja na Wahindi wengine, na duka likaporwa, mara ya kwanza na wapiganaji wetu, mara ya pili na maaskari wa boma. Mwanaisha alibaki na kopo la mabati lenye viungo, kijishamba cha giligilani kando ya kijito, na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama alichokiziba kwa nta. Ilipofuata njaa, wakati boma lilipochoma maghala na mashamba ya Ungoni yote, tulikula mizizi, tukala majani, watu wakala ngozi walizokuwa wakilalia. Mwanaisha naye alichimba mizizi kama sisi. Kibuyu hakukifungua.

"Hizi ni za Halima," alisema. Halima ni binti yake, alikuwa Nalasi na watoto watatu. Mwanaisha alitaka kumfikishia mbegu zile kabla ya mvua ya kwanza, na Nalasi kwa miguu yake ilikuwa safari ya siku kumi na tano. Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka duniani mwaka ule.

Akida Kassimu hakuwa mtu wa Songea. Aliletwa na boma kutoka pwani, baada ya wakubwa wetu kunyongwa. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, na asiye na kodi alitoa nafaka, na asiye na nafaka alitoa mgongo wake. Ghala lake lilikuwa nyuma ya nyumba, limejaa mtama wa watu. Yeye mwenyewe alikula wali wa samli na nyama ya kukaanga, kwa pilipili mbichi na achari ya maembe, na alikula usiku, akitoka kunywa na maaskari wa boma. Akimaliza, anajitupa kitandani. Halafu tunaanza kumsikia. Mbweu moja, mbili, kisha anakohoa, kisha anapiga ukuta kwa ngumi. Maji machungu yalimpanda mpaka puani. Alfajiri tulimkuta amekaa wima, ameegemea ukuta, macho mekundu.

Alijaribu magadi, akajaribu dawa ya unga mweupe ya daktari wa boma. Ndipo mtu mmoja akamwambia habari za mpishi wa Liladha.

Abasi, mlinzi wa lango, alitumwa kumleta. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu chache na mguu mmoja mfupi.

"Bibi, unaitwa na Bwana Akida."

"Mwambie napalilia."

"Bibi, akida haambiwi napalilia."

"Basi mwambie Abasi ameniona napalilia."

Alikuja jioni yake, kwa wakati wake, na kopo lake kwapani. Akida alikuwa ukumbini, mkono kifuani.

"Wewe ndiye mganga?"

"Mimi mpishi."

"Wanasema unajua dawa ya kiungulia."

"Toa ulimi."

Mama yangu alitazama chini. Akida alitazama huku na huku, kana kwamba ameambiwa avue nguo, kisha akautoa. Mwanaisha aliinama, akautazama, akanusa.

"Jana usiku ulikula nyama ya mafuta. Ukanywa. Ukalala hapo hapo, tena kwa ubavu wa kulia."

"Nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe, sasa hivi. Rudisha ulimi."

Masharti yake hayakuwa mengi, na aliyasema amesimama. Chakula kikubwa ni jua likiwa utosini. Jua likizama, sufuria inafunikwa. Pilipili hakuna, achari hakuna, pombe hakuna, kukaanga hakuna. Akishakula asilale: atembee hatua mia, polepole. Usiku alalie ubavu wa kushoto. Na asile akiwa na hasira. Akiwa na hasira, chakula kingoje.

"Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu," akasema Abasi mlangoni, kisha akajifanya anakohoa.

"Na mimi," Mwanaisha akaendelea, "nakupikia mpaka mwezi mwingine uandame. Ukiandama, unanipa kuku wangu mweupe, naenda zangu Nalasi kabla ya mvua."

Hapa nieleze habari ya kuku. Kwetu, na kwa Wayao vilevile, mtu akikutibu ukapona, unamfungia dawa. Unampa kuku mweupe, anampokea kwa mikono miwili, anasema imekwisha, ndipo anaondoka. Akiondoka kabla hajafungiwa, watu waliamini ugonjwa humfuata kwake na kuingia kwa watoto wa nyumba yake. Mwanaisha alisema yeye ni mpishi, lakini kuku alimtaja, kwa sababu alikua katika desturi hiyo na hakutaka kuijaribu.

"Nimekubali," akasema akida. Mtu ambaye hajalala siku ishirini hukubali lolote.

Kazi ikaanza. Magharibi Mwanaisha alitwanga giligilani kidogo, mbegu zivunjike tu, akaziloweka katika mtungi mdogo. Asubuhi alichuja maji yale kwa kitambaa, akampa akida bakuli moja kabla hajala kitu. Adhuhuri alimpikia wali laini na mchicha au boga, kwa samli ya kijiko kimoja na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Juu yake alimpa mtindi uliozimuliwa kwa maji mpaka ukawa mwepesi kama maziwa. Chakula kikiisha alimtilia mkononi punje za shamari atafune. Alikuwa pia na vijiti vichache vya urukususu, mzizi mtamu wa kutuliza koo, mabaki ya dukani kwa Liladha, na siku ambazo koo lilimwasha sana alimpa kimoja anyonye.

Akida alitazama sahani ya kwanza akasema, "Hiki ni chakula cha mtoto anayeota meno."

"Usiku koo lako linapowaka, huyo mtoto analala. Wewe hulali. Kula."

Lakini kilichotufurahisha sisi ni zile hatua mia. Akida hakuweza kuzihesabu mwenyewe bila kudanganya, basi Mwanaisha alikaa kizingitini akahesabu kwa sauti. Jua la adhuhuri, mtu mnene kwenye kanzu anazunguka ua, na mwanamke mkongwe anapaza sauti, "Thelathini na tatu! Polepole, hakuna anayekufukuza! Thelathini na nne!" Nje ya ua watu waliokuja kuomba kodi iahirishwe walisikia yote. Siku ya tatu walianza kuhesabu pamoja naye, kwa chini, kama watu wanaosali. Siku ya tano hawakuhesabu kwa chini tena.

"Nani anacheka huko?" akida alifoka.

"Umekasirika?" akauliza Mwanaisha. "Ukikasirika kesho chakula kitangoja mpaka alasiri."

Akafunga mdomo, akaendelea kutembea.

Akida aliyavunja masharti kwa siri mara moja tu. Alikwenda bomani kwenye karamu, akarudi anatembea kwa ncha za vidole katika nyumba yake mwenyewe. Asubuhi Mwanaisha alimwambia atoe ulimi.

"Mbuzi," akasema. "Wa kuchoma, na pilipili. Ulikunywa kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo hakiachi rangi hii. Leo ni maji ya giligilani peke yake mpaka adhuhuri."

"Mwanamke, unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo. Wewe ndiye uliyepiga ukuta usiku."

Ukweli lazima niuseme: alianza kupona. Siku ya kumi alilala mpaka jogoo. Siku ya ishirini tulisahau sauti ya mbweu zake. Uso ulimrudia rangi, akawa na nguvu. Na nguvu hizo alizitumia kwa kazi yake ile ile, maana wiki hiyo aliwatia watu tisa kamba kwa kukosa nafaka. Nilimwona Mwanaisha amesimama na mwiko, anawatazama wakipitishwa. Siku hiyo hakuhesabu hatua. Alimwambia ahesabu mwenyewe.

Mwezi ukaandama. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Matogoro bila kushuka. Mwanaisha alikwenda ukumbini asubuhi, amejitanda.

"Bwana Akida, kuku wangu."

"Kuku gani?"

"Yule mweupe. Tulisema."

"Aa." Akida alijinyoosha. "Kuku wangu weupe bado wadogo, bibi. Tuseme mwezi ujao."

"Mwezi ujao mvua itakuwa imenyesha."

"Kwani hapa hainyeshi?"

"Mimi nalima Nalasi, silimi hapa."

Akida akacheka. Hakuwa amecheka miezi mingi, na kicheko kilimtoka vizuri, bila kukohoa. "Nani amekushika? Lango hilo. Nenda. Lakini dawa haijafungwa. Kiungulia changu kikikufuata mpaka kwa wajukuu zako, usiseme Kassimu ameniroga."

Mwanaisha alisimama. Akarudi jikoni, akaketi juu ya kinu.

Mama yangu alianza kulia. "Mama, ni mimi," akasema. "Aliniuliza, huyu mwanamke nitamzuiaje bila kumfunga kamba, maana boma halitaki makelele. Nikadhani anatania tu. Nikamweleza habari ya kuku."

"Umemweleza lini?"

"Siku ile ya kwanza alipolala usingizi."

Mwanaisha hakumgombeza. Alisema tu, "Basi usingizi niliompa ndio umenifunga," akachukua mchele akaanza kuupepeta.

Siku saba alipika kama kawaida. Watu wote uani walisema hawezi kuondoka. Wanawake waliokuja kutwanga walimhurumia na huku wakimwogopa kidogo, kama mtu aliyebeba kitu kisichofunikwa vizuri. Siku ya nane wapagazi wawili walipita wakitoka upande wa Tunduru, nao walimjua.

"Halima ameshalima," wakamwambia. "Shamba liko tayari, jeusi. Anangoja mbegu. Mwanawe wa mwisho tumbo limemvimba, miguu imekuwa vijiti. Wanakula ming'oko, mizizi ya porini."

"Mvua?"

"Huko inanuka tayari."

Aliwashukuru, akawapa uji. Kisha alikaa muda mrefu akitazama moto, na mimi nilikuwa namenya boga karibu naye. Ghafla akamwita mama yangu.

"Tabu. Liladha alipopona, unajua alinipa nini?"

"Sijui, mama."

"Alinilalamikia kwamba mtindi umechacha. Basi. Hakunipa kuku, wala manyoya ya kuku. Miaka saba. Halafu akaenda zake pwani, wala hakuniaga vizuri. Na katika miaka hiyo saba Halima amezaa watoto watatu, wote wazima, kiungulia cha Liladha hakikumfuata hata mmoja. Njaa ndiyo imewafuata. Na njaa haikutoka kwa Liladha."

Mama akamtazama. "Lakini mama, kama…"

"Kama nini? Nimefikiri siku nane, mwanangu. Desturi ya kuku ni ya mganga na mtu anayemshukuru. Hakuna aliyeitengeneza iwe mnyororo wa akida."

Kesho yake asubuhi aliwaita wanawake wote wa jikoni na waliokuja kutwanga, na yeyote aliyekuwa uani, akafungua kopo lake katikati yao. Aliwanusisha kila kitu. Hii giligilani, inaota kijitoni, mkachukue mbegu. Hii bizari nyembamba, kaangeni kavu. Hii shamari, tafuneni baada ya kula. Aliwaambia habari za jua utosini, ubavu wa kushoto, hatua mia, yote, bila kuficha hata neno.

"Mnaona dawa yoyote hapa?" akauliza.

"Tunaona viungo vya mchuzi," akajibu mmoja.

"Ndivyo vilivyo. Kwa hiyo mtu asiseme nimeondoka na dawa ya mtu. Nimeiacha hapa, mikononi mwenu. Mgawieni mnayemtaka, mnyimeni mnayemtaka."

Kisha akamgawia kila mmoja mpaka kopo likabaki tupu. Akalikung'uta.

Adhuhuri akida alirudi kutoka bomani. Bwana mkubwa alikuwa amemkaripia kwa jambo fulani, na walisema alijimwagia huko pombe ya kutuliza moyo. Alikuta chakula hakijapakuliwa, na Mwanaisha amesimama uani na mkeka wake na kibuyu chake.

"Chakula kiko wapi?"

"Kimefunikwa jikoni. Umekasirika, kingoje kidogo. Tabu anajua. Mimi natoka."

"Unatoka kwenda wapi? Dawa imefungwa?"

"Wa kufungiwa ni mganga. Mimi nilikuambia siku ya kwanza kuwa ni mpishi. Mpishi akimaliza kupika ananawa mikono." Mama yangu alikuja na kata ya maji. Hakuna aliyemtuma. Akammiminia, mbele ya akida, mbele ya watu wote waliokuwa langoni, na Mwanaisha akanawa mpaka kwenye viwiko.

"Tabu!" akafoka akida. "Na wewe!"

"Maji tu, Bwana," akasema mama yangu, wala hakuiweka kata chini.

"Utakufa njiani wewe kikongwe! Wajukuu zako watacheua moto!"

"Wajukuu zangu hawana cha kucheua," akasema Mwanaisha. Sauti yake haikupanda. "Mtu lazima ale kwanza. Sikia, Bwana Akida. Wewe tumbo lako limejaa mtama wa watu hawa. Mwezi mzima nimekuzimia moto kwa maji, na kila siku unatoka hapa unakwenda kuokota kuni nyingine. Nimechoka kumwagia. Ukitaka kulala, unajua la kufanya: rudisha vya watu, kula mchana, nyamaza. Ukitaka kuwaka, waka."

Langoni mtu mmoja alisema, "Ee!" kwa nguvu.

Akida alimgeukia Abasi. Alifungua mdomo kutoa amri, na tuliona kifua chake kikipanda. Yale maji yakamjia. Macho yalimtoka, mkono ukaenda kooni, na kilichotoka kilikuwa sauti ya mbuzi aliyekabwa na kamba. Alijaribu tena. Alielekeza kidole langoni, akakohoa, akainama, akashika magoti.

Abasi alisimama na kitasa mkononi, uso wake mtulivu kabisa.

"Bwana Akida amesema nini?" akatuuliza.

Kisha mama yangu akasema, "Amekohoa."

"Ah," akasema Abasi. "Nami nilisikia hivyo hivyo. Bibi, angalia kizingiti, kimeinuka."

Alilifungua lango lote, mabawa yote mawili, kama linavyofunguliwa kwa ng'ombe. Watu waliokuwa wamekaa nje walisimama wakampisha. Mwanaisha hakuharakisha na hakugeuka. Alipita katikati yao amejitwika kibuyu, akashuka mpaka kijitoni, akavuka, akaishika njia ya mashariki iendayo Tunduru. Tulimwona mpaka kwenye mkato wa kilima, kisha hatukumwona.

Hakurudi.